Inchi Nne Chini ya Goti

Kapata, Kolwezi
Jumanne, tarehe 28 mwezi wa nne

Kwa Yaya wangu mpenzi Adolphine,

Nakusalimu wewe dada yangu mkubwa, na shemeji Musonda, na wote wanaokula nanyi sahani moja huko Chingola. Natumaini barua hii itakukuta na afya, na kwamba mguu wako uliokuwa umevimba wakati wa Pasaka umepungua. Mimi hapa ni mzima wa mwili. Kifua kilinisumbua kidogo kwa ajili ya vumbi, maana mvua zimeanza kukatika na magari ya madini yanapita barabara kubwa tangu alfajiri, lakini nashona na kukohoa, nakohoa na kushona, siku zinaenda. Kijana wangu Dimitri bado yuko Tenke na wachimbaji wenzake. Alipiga simu siku ya Pasaka, tukaongea mpaka mtandao ukakatika. Alisema atakuja kunitazama. Hakusema lini.

Utashangaa kupata barua kutoka kwangu, sisi ambao tuna simu. Nimempa Mama Fidélie, kwa kuwa anavuka mpaka wa Kasumbalesa kuja Zambia kila wiki na bidhaa zake na nyumba yako anaijua. Kwenye simu mimi nasema ndiyo, ndiyo, halafu nakata. Wewe unanijua tangu tukiwa watoto wa nyumba moja, mama akiuliza nani amevunja chupa ya mafuta, ni wewe uliyejibu na mimi nilitazama miguu yangu. Nakuomba tu usinipigie kabla hujafika mwisho wa karatasi hizi.

Najua unataka kujua kwanza kama gauni la shule limeshonwa na kama binti yangu Tatiana anakuja. Masista wa shule ya huko kwenu walisema nafasi yake itamngojea mpaka siku ya kufungua muhula wa pili, na siku hiyo ni Jumatatu hii inayokuja. Ikipita, watampa mtoto wa mtu mwingine. Umeniuliza mara nne. Mara ya kwanza nilisema umeme hakuna, na wewe na mimi tunajua kwamba cherehani yangu ni ya miguu. Ulinyamaza kidogo, ukaniambia haya, ngojea umeme. Nimefikiri sana juu ya kule kunyamaza kwako. Swali lako nitalijibu kabla sijafunga barua, lakini siwezi kulijibu peke yake bila kukueleza na mengine.

Unakumbuka jinsi marehemu mke wangu Marie alivyokuwa akifanya kazi. Mimi nilikata na kupitisha cherehani, yeye alishona pindo zote kwa mkono, ameketi kwenye kile kiti kifupi karibu na mlango mahali penye mwanga. Uzi alikuwa anaukata kwa jino la upande wa kushoto, maana la kulia lilikuwa na tundu. Nguo ya mtoto wa kike hakuitoa nyumbani bila vidole vinne vya kitambaa vilivyokunjwa ndani ya pindo. Mama mwenye haraka akilalamika kwamba pindo ni zito, Marie alimjibu kwamba mtoto anakulia ndani ya nguo, si nje. Kila mwezi wa tisa wasichana wa Kapata walileta sketi za bleu-blanc, sare yao ya shule, yeye akafungua pindo na kuteremsha. Kwenye sketi ya msichana wa darasa la sita uliweza kuona mistari miwili au mitatu ya buluu iliyokoza, mstari kwa kila mwaka aliorefuka. Nilikuwa naiona tu kama alama za kitambaa. Mwaka jana, mwezi wa tisa wa kwanza bila yeye, nilifungua pindo hizo mimi mwenyewe na kukuta mishono yake midogo midogo. Nilichukua muda mrefu kuliko kazi ilivyodai, na wasichana walingoja.

Wewe ulikuwepo wakati wa kilio, sina haja ya kukurudisha huko. Lakini Marie alisema neno lake kabla, mbele yako na mbele yangu, kwamba Tatiana aende kwako asome kwa Kiingereza, kwa sababu siku hizi hata anayeandika majina kwenye mlango wa kampuni anaulizwa Kiingereza. Mimi niliitika. Niliitika kwa moyo, Yaya, nataka uamini hilo. Wakati ule nyumba ilikuwa imejaa watu, na mtu akiwa na watu hajui bado ni kitu gani anachokitoa.

Ndipo mwezi wa kumi na moja ukatuma kile kitambaa cha bordeaux, ile nyekundu iliyokoza, na karatasi ya masista. Wewe ulitaka kumpa fundi wa hapo Chingola, nikakataa. Nilisema haifai mtoto wa fundi aende shule na nguo iliyoshonwa na mkono wa mgeni. Huku kwetu mafundi tuna adabu hiyo, hakuna anayemkatia nguo mtoto wa fundi mwenzake. Ni kama kumpikia mke wa mtu. Ukacheka, ukasema Séraphin na heshima zake.

Tatiana ndiye aliyenisomea karatasi. Alikuwa na furaha, alisoma amesimama kama anasoma somo kanisani. Tulistaajabu. Huku watoto wote wanavaa bleu-blanc, mtoto wa mkubwa na mtoto wa mchimbaji, ukimwona njiani hujui ni wa shule gani. Kwenu kila shule ina rangi yake na sheria zake: mkanda upana huu, marinda upana huu, soksi mpaka hapa, na gauni literemke inchi nne chini ya goti. Na kwamba siku ya kufungua msichana atapigishwa magoti mbele ya wenzake, na pindo lisipolala chini sakafuni, anarudishwa nyumbani. Shemeji Musonda alitueleza kwa simu kwamba sheria hiyo waliiacha Waingereza, na kwamba mama yake pia alipigishwa magoti hivyo hivyo, na bibi anayepima hivi leo ni mtoto wa mtoto wa yule aliyempima mama yake. Tatiana alicheka mpaka akaketi. Usiku ule wote aliniita Sir.

Aliandika vipimo kwenye daftari langu kwa penseli. Marinda, inchi mbili. Mkanda, inchi moja na nusu. Chini ya goti, 4. Hapo aliandika namba tu.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako, acha niyaweke kwa upande wangu. Gauni lilikuwa tayari kabla ya Noeli. Alilijaribu mbele ya kioo, likamfika chini kidogo ya goti kama sketi zake zote, naye hakuona kosa. Mwanzoni mwa mwezi wa kwanza alipanda basi na Mama Fidélie, apazoee kwanza mahali. Siku ya kufungua alipiga magoti pamoja na wale wengine, na pindo lake likagusa sakafu kwa ukingo tu, halikulala. Sista alisema basi literemshwe. Wewe mwenyewe ulifungua pindo jioni ile na hukukuta kitambaa ndani, ila mkunjo mwembamba kama wa kitambaa cha pua. Dukani rangi ile ilikuwa imekwisha mpaka muhula wa pili. Kesho yake wasichana walimwita jina kwa ajili ya magoti yake, akakataa kutoka chumbani. Ulinipigia simu. Ulisema anaweza kuvaa gauni la zamani la binti yako, ni pana lakini ni refu, na masista wangekubali mkiwaomba. Mimi nilijibu upesi kuliko ninavyojibu kawaida. Nilisema mtoto ameaibika, mrudishe kwangu, atakuja tena muhula wa pili. Siku tatu baadaye nilimpokea kwenye basi, pale Manika. Alikuwa ameshika gauni ndani ya mfuko wa plastiki, mikononi, kama mtu anayebeba mayai.

Kapata walicheka, unawajua. Mama Badibanga, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, alileta kitambaa cha binti yake Chancelle na kuniuliza, "Tata Séraphin, hii utapima na metre ya Kongo ao ya Zambia?" Stany, yule fundi wa soko la Manika ambaye tumegombania wateja tangu ujana, alinipa jina la Fundi Magoti. Watu wote walikubaliana kwamba mzee amechanganya inchi na sentimita. Ni kosa la kuchekesha, na ni kosa la mtu wa huku tu, maana sisi tunapima kwa sentimita tangu kwa Wabelgiji na inchi tunaziona upande wa pili wa metre, ule utepe wa kupimia, bila kuzitumia. Nilicheka nao. Ni rahisi kubeba kosa la kuchekesha.

Directrice, mkuu wa shule yake ya hapa, alimrudisha darasani kwa huruma, dawati la nyuma. Alivaa tena bleu-blanc yake. Na nyumbani, Yaya, mambo yalikuwa mazuri kwangu. Nakuambia ukweli. Asubuhi nilisikia tena mtu anafungua mlango wa jikoni. Bukari, ugali wetu, ilipikwa kwa sufuria ya watu wawili. Wakati wa Marie, ukishona kutwa nzima unachoka mgongo. Wakati ule wa wiki mbili Tatiana alipokuwa kwako nilichoka masikio, kwa kusikiliza cherehani peke yake. Nilikuwa nasimamisha cherehani ili nisikie barabarani kuna nani, halafu naendelea. Siku moja nilimwita mteja aliyepita tu, nikamwambia sketi yake imekwisha, na ilikuwa haijakatwa. Basi aliporudi nilifurahi, na yeye nilimwona analia nikafikiri atasahau.

Hakusahau. Wiki ile ya kwanza alifungua daftari na kuniletea ukurasa. Aliweka kidole kwenye ile namba 4. Alisema, "Tata, mi njo niliandika mubaya. Sikutia inchi." Nilitazama kidole chake. Nikamwambia haizuru. Neno hilo moja tu, haizuru, nikarudi kwenye cherehani.

Nilidhani yamekwisha. Lakini kidogo kidogo alibadilika. Kile kitabu cha Kiingereza ulichomletea, alichokuwa ananisomea nikishona na kunilazimisha nirudie maneno mpaka ulimi wangu ukavunjika, alikipeleka juu ya kabati chini ya masufuria ya sherehe. Akaacha kwenda kwaya. Alijifunza kuosha sombe, majani ya muhogo, kama mama yake, kukunja nguo kama mama yake, na kuketi katika kile kiti kifupi. Majirani walimsifu kwamba amekuwa mwanamke wa nyumba. Ana miaka kumi na mitatu. Nikawa naona vizuri na kujizuia kuona.

Wewe ulituma kitambaa cha pili mwezi wa tatu. Nilikiweka chini ya cherehani, hapo ambapo mguu wangu unakigusa kila ninapokanyaga.

Sasa nakuja kwenye Jumatano iliyopita. Chancelle alikuja kuchukua sketi yake. Alikuwa na simu ya kaka yake, na kwenye simu kulikuwa na tangazo la kazi kwa Kiingereza, akamwomba Tatiana amsomee. Mimi nilikuwa nakanyaga cherehani, wao wako mlangoni. Tatiana hakushika hata ile simu. Alisema, "Umuulize mwingine. Mi siko na akili ya kule. Nilishindwa kusoma ata mustari moja, bananicheka mpaka leo." Chancelle alijaribu kumtania, akamwambia lakini wewe ulikuwa wa kwanza darasani, mwalimu alikuita profesa. Tatiana alisema ndiyo, profesa wa Kapata, akacheka kicheko kifupi kisicho chake, akaingia kugeuza maharage.

Mguu wangu ulisimama. Sindano ilibaki ndani ya kitambaa.

Yaya, nitaandika sasa kile nilichozunguka tangu ukurasa wa kwanza. Sikukosea. Inchi nilizijua kabla ya Tatiana kuzaliwa. Yule mzee aliyenifundisha kazi alikuwa amejifunza Ndola, alipima kila kitu kwa inchi na alinipiga kwa metre nilipotaja sentimita. Kama ungetazama gauni vizuri, na nadhani ulitazama, ungeona kwamba marinda yalikuwa inchi mbili kamili na mkanda inchi moja na nusu kamili. Fundi asiyejua inchi hakosei sehemu moja akapatia nyingine zote. Nilikata Jumapili, baada ya misa, Tatiana alipokuwa kwaya. Nilipima inchi nne, nikachora kwa chaki. Kisha nilitazama ule mstari, nikausogeza juu. Nilijua habari ya magoti. Nilijua pia kwamba kama ningeacha vidole vinne ndani, wewe ungeteremsha pindo jioni moja na kazi yangu ingekuwa bure. Kwa hiyo nilikata na kile cha kuteremshia. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kukata nguo ya mtoto bila kumwachia nafasi ya kukua. Nguo ya kwanza na ya pekee ilikuwa ya mtoto wangu.

Sikuwa na hasira na wewe, wala na masista. Sikufikiri hata kwamba nafanya ubaya mkubwa. Nilijiambia ni muhula mmoja, tu mpaka nizoee. Namba ile isiyo na neno niliiona kwenye daftari siku ileile aliyoiandika, na nadhani ndiyo iliyonifungulia njia. Niliona kwamba kosa lina mwenyewe tayari. Sikupanga awe yeye. Lakini alipojitwika mbele yangu na kunionyesha kwa kidole, sikumtua.

Jumamosi nilimwambia. Alikuwa anachambua mchele juu ya lungo, nje, kwenye kivuli cha ukuta. Niliketi chini, jambo ambalo silifanyi, na hilo peke yake lilimshtua. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, ila kwa maneno machache na mabaya zaidi. Hakuinua kichwa. Mkono wake uliendelea kutoa mawe. Nilipomaliza akauliza, "Basi nilisoma muzuri?"

Nilimwambia alisoma vizuri. Alisahau kuandika neno moja, lakini mimi nililijua hilo neno, na hata angeliandika mara kumi ningekata vilevile.

Akauliza kwa sababu gani. Nilikuwa nimetayarisha mengi ya kusema, juu ya mama yake, juu ya Dimitri aliyeondoka, juu ya kazi. Nilichoweza kusema ni, "Nyumba."

Alimaliza mchele wote. Aliuosha, akauweka motoni, akapunguza makaa ili usiungue. Halafu aliingia ndani, akavuta kitambaa chini ya cherehani yangu, akachukua na ile karatasi ya masista, akatoka. Sikumuuliza anakwenda wapi. Nilitazama sufuria.

Jioni alikuja Stany. Alisimama nje akiwa ameshika kofia, hakuingia mpaka nilipomwita mara mbili, na utani wote ulikuwa umemtoka. Alisema, "Ndugu, mutoto wako ameniletea kitambaa nishone. Nimekatala. Amesema kama nakatala atapeleka kwa mwingine. Njo nimekuja kukuuliza." Aliniomba msamaha kwa kuniuliza. Akaniambia pia kwamba Tatiana alikataa kupimwa kwa sentimita. Alimgeuzia metre upande wa pili, akasoma mwenyewe, akaandika mwenyewe, na kila namba aliitia neno lake. Alipofika kwenye pindo alimwambia Stany aache inchi nne ndani, na Stany alipoanza kusema kwamba ni nyingi, alimtazama tu.

Stany hakuniuliza kwa nini mtoto wa fundi anakwenda kwa fundi mwingine. Nadhani anajua, au atajua kesho, maana Kapata haifichi kitu. Alitaka neno langu tu. Nilimwambia akate. Nilimwambia pia kwamba bega la kushoto la Tatiana liko chini kidogo kuliko la kulia, kama la mama yake, na fundi asipolijua atalaumu kola. Aliitika, akavaa kofia, akaenda.

Kwa hiyo, Yaya, jibu lako ni hili. Gauni litakuwa tayari Alhamisi. Tatiana anakuja Ijumaa, na Mama Fidélie tena, maana atakuwa amerudi kwa mzigo mwingine. Nilimwambia nitamsindikiza mwenyewe mpaka Kasumbalesa, akasema atakwenda na Mama Fidélie. Sikusisitiza. Barua hii nimeitanguliza ili uisome kabla hajafika mlangoni kwako, usije ukamfariji kwa kosa ambalo si lake.

Nina maombi machache. Ukimfikisha shuleni, mwambie sista kwa Kiingereza chenu kwamba mwezi wa kwanza aliyekosa ni baba. Ukiweza, useme mbele ya wale wasichana. Mimi mtu atanicheka huku, nimezoea, na ninastahili. Shemeji Musonda umweleze vile utakavyoona, sitaki kukuwekea siri nyumbani kwako. Na ukitaka kunikaripia, nikaripie mimi kwa simu, nitasikiliza mpaka mwisho, lakini mbele ya mtoto usinitetee wala usinilaumu. Atapata mwenyewe neno la kuniita.

Tangu Jumamosi haongei nami zaidi ya kazi za nyumba. Leo asubuhi aliniambia chai haina sukari, na ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizozipata. Jana, nilipokuwa kwenye cherehani, alitoa kile kitabu chini ya masufuria. Nilikuta mahali pake pasipo vumbi. Hanisomei. Anasomea nyuma ya nyumba kwa sauti ya chini, nami nasimamisha mguu kusudi nisikie, bila kumwonyesha.

Usiogope kwa ajili yangu. Wateja wapo, mwezi wa tisa utafika na watoto wataleta sketi zao kufunguliwa pindo. Dimitri nimemtumia ujumbe, safari hii nimemwambia wazi kwamba niko peke yangu. Sikuwahi kumwambia. Nilifikiri mtoto anapaswa kuona.

Nisalimie shemeji, mpe mkono kwa ajili yangu. Wasalimie binti zako, na yule mdogo umwambie sijasahau gauni lake la mdoli. Salamu kwa Mama Fidélie anapokaa kwako kupumzika miguu, umpe chakula kabla ya habari. Mungu akulinde, mguu wako upone, na mkono wako uwe mwepesi juu ya mtoto wangu.

Na la mwisho, Yaya. Akitaka kuniandikia, mpe karatasi. Asipotaka, usimlazimishe.

Mimi mdogo wako,
Séraphin Mbayo